Ngome ya Fundi Jumamosi

Mume wangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani kwetu hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Jumamosi. Mpelekee kochi lililochanika siku ya Jumatatu: atalizunguka, atalibonyeza kwa kiganja, atalipiga kofi mgongoni, kisha atakwambia, "Njoo Jumamosi." Mpelekee Ijumaa jioni, atakwambia vilevile. Ni Jumamosi ipi, hajawahi kumwambia mtu, hata mimi ninayelala naye kitanda kimoja.

Msije mkadhani ni fundi wa kubahatisha. Kazi anaijua. Kochi likitoka mikononi mwake, mwenyewe hulipita pale nje akiendelea kulitafuta lake. Shida yake ni moja tu, hawezi kumwambia mtu hapana. Anapokea kila kazi, anamwahidi kila mtu kwa tabasamu, na siku ya ahadi ikifika anaingia mitini. Sitii chumvi. Mwanaume mzima mwenye ndevu zake anachuchumaa nyuma ya makochi ya watu na kubana pumzi.

Mimi nauza vifaa vya umeme. Duka langu na karakana yake vinagawana ukuta mmoja, tena ukuta mwembamba, ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule. Nauza balbu, swichi, soketi na nyaya za kupima kwa mita, na katikati ya mauzo napokea lawama za watu waliopigwa kalenda na mume wangu. "Dada, mumeo yuko wapi?" Nawajibu, "Ametoka kidogo, amefuata sponji." Sponji yote aliyoifuata kwa mdomo wangu ingejaza uwanja wa mpira.

Sasa nije kwenye gemu. Alinunua kompyuta kuukuu ili awaonyeshe wateja picha za makochi ya kisasa, na aliyekuwa nayo mwanzo alisahau gemu moja humo ndani. Siku ya kwanza mume wangu alilifungua kwa bahati mbaya. Siku ya pili sijui alilifungua kwa bahati gani, maana chai yake ilipoa mpaka ikaota ngozi.

Ni gemu la kujenga makazi. Unapewa watu wachache waliotupwa porini, hawana mbele wala nyuma, na wewe unawapangia maisha: huyu achimbe kisima, huyu alime, huyu apike, huyu ajenge vyumba. Wakishiba na kupata vitanda wanaanza kupendana na kununiana kama binadamu wengine. Na wakianza tu kustarehe, wanakuja wavamizi na bunduki. Mtu wako akifa amekufa, harudi.

Mume wangu aliwapa watu wake majina ya ukoo wetu. Mama yangu mzazi alikuwa humo kwa jina la Mama Mkwe, ana chumba chenye zulia na kazi yake ni kumwagilia maua, basi. Mimi nilikuwa humo kwa jina la Madam. Nilibeba mawe. Siku moja nikang'atwa na sungura mwenye kichaa, nikafa, na mume wangu hakusimamisha hata ujenzi wa bafu. Nilipomuuliza akasema, "Lilikuwa jina tu, mke wangu, usiliweke moyoni." Siku hiyo alikula chakula kikavu, mchuzi sikuuona ulipo.

Tegemeo lake kubwa lilikuwa viroba vya mchanga. Alinieleza mezani kwa kutumia vikombe na vijiko, mpaka nikakosa cha kunywea. Mtu akipiga bunduki akiwa amesimama wazi, risasi zote zake. Akichuchumaa nyuma ya kiroba, nyingi zinaishia kwenye mchanga. Basi akajenga viroba. Alivijenga mbali kabisa na nyumba, akavizungusha makazi yote, ili adui akwame kabla hajaona hata moshi wa jikoni. Kisha akaegemea kiti akisubiri kusifiwa.

Mchana mmoja nikasikia yowe ng'ambo ya ukuta. Nikakimbia na bisibisi mkononi, nikijua amejipiga pini ya kochi kidoleni. Nikamkuta amesimama, mikono kichwani.

"Wamejificha nyuma ya viroba vyangu!"

"Nani?"

"Wavamizi! Nimewajengea mimi mwenyewe! Watu wangu wako wazi kama nguo kambani, wao wamechuchumaa raha mustarehe wanatumiminia risasi tu!"

Na kweli. Watu wake walikuwa wachache, hawakuwahi kufika kule pembeni. Wavamizi walivikuta viroba havina mwenyewe, wakainama nyuma yake kutokea upande wa pili. Viroba havikujua nani kavijenga, vikawakinga. Tulimpoteza mpishi, tukampoteza mwashi, tukampoteza na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa mchimba kisima. Nilimpigia simu mdogo wangu kumpa pole, akanikatia.

Tangu hapo mume wangu akashika adabu. Alibomoa viroba vya mbali, akavijenga upya karibu na mlango, na mbele yake akafyeka kila kitu, miti, mawe na vichaka, akabakiza uwanja mtupu. "Mchezo wote ni huu," aliniambia huku macho yanamng'aa. "Wewe uwe na pa kujificha, yeye asiwe napo." Ikafanya kazi. Wavamizi waliofuata walikwisha pale uwanjani, na Mama Mkwe akaendelea na maua yake.

Yangeishia kwenye kompyuta nisingekuwa na la kusimulia. Lakini ndipo Mama, yule wa kweli, alipoleta kochi lake.

Ni kochi la mtu mmoja, la mbao nzito, alilokuwa akikalia marehemu Baba. Sisi watoto hatukuwahi kulikalia hata siku Baba akiwa safarini. Baba alikaa ameelemea kushoto miaka yote, tulidhani ni nyonga inamsumbua, mpaka kochi likabonyea upande huo likafanya shimo. Alipofariki, Mama akahamia kwenye lile shimo. Mama ni mwembamba, alizama humo akatulia kama yai ndani ya kikombe. Hakutaka kukaa pengine. Kitambaa kilipochakaa mpaka nyuzi zikawa zinamchoma, akalipeleka kwa mkwe wake.

"Kitambaa tu, baba," alimwambia. "Ndani usiguse."

"Ndani siwezi kugusa, Mama. Njoo Jumamosi."

Ni lazima niseme jambo hapa. Mume wangu alipokuja nyumbani kunichumbia, baba zangu wadogo walicheka. Walitaka mtu wa ofisini, wakaletewa mtu mwenye gundi kwenye kola. Ambaye hakucheka ni Mama. Aliitazama mikono ya mchumba wangu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu namtaka." Mume wangu hajasahau neno hilo. Mteja akimtukana analala usingizi, lakini Mama akikunja uso kidogo tu, hali chakula.

Jumamosi ya kwanza ikapita, ikapita na iliyofuata. Mama anakuja na mwavuli wake, kochi hakuna. Mimi nikaanza kuona haya. Nyumbani kwake Mama alikuwa anakalia kiti cha plastiki, kile cha kubebwa kwenye misiba, na kila nikienda namkuta anajisugua kiuno. Nikambana mume wangu tukiwa tunafungua milango asubuhi.

"Kochi la Mama liko wapi?"

Akatazama kufuli.

"Lipo. Nimeshalimaliza zamani."

"Sasa?"

"Nimelitoa shimo la Baba."

Sikumwelewa, ikabidi aniingize ndani anionyeshe. Kochi lilikuwa nyuma kabisa ya karakana, limefunikwa turubai. Akalifunua. Lilikuwa zuri mno. Kitambaa kimenyooka, kona zimekaa, na kiti chake kilikuwa sawasawa, huku na huku, kama meza. Akanieleza kwamba alilifungua vizuri, akikumbuka maagizo. Lakini kitambaa kilipotoka tu na akaona sufi ya zamani imeganda mabongemabonge, upande mmoja juu, upande mmoja chini, mikono ikatangulia. Amefanya hivyo kwenye makochi yasiyo na hesabu: ukiona mabonge unang'oa. Alipozinduka alikuwa ameshaweka sponji mpya na kusawazisha, na sufi ya Baba ilikuwa imeondoka na gari la taka.

Nilikasirika. Yule alikuwa baba yangu pia. Nilitaka nimwambie maneno ambayo yasingefutika, kisha nikamwona macho yamekuwa mekundu, nikayameza.

"Mwambie," nikasema.

"Siwezi."

"Atakugombeza, yataisha."

"Angenigombeza ningemwambia leo. Hatagomba. Atasema asante mwanangu, na hataniamini tena maisha yake yote."

Nikalirudisha turubai juu ya kochi, maana namjua Mama.

Basi badala ya kusema, mume wangu akajenga ngome. Alivuta makochi yote ya wateja akayapanga safu mbili katikati ya karakana, migongo ikitazama mlangoni, moja juu ya jingine. Mbele yake akaondoa kila kitu: benchi la kusubiria, meza, hata kile kipande cha turubai kilichokuwa kinatoa kivuli pale nje. Anayekuja kumdai anasimama kwenye jua, hana pa kuegemea, anatazama ukuta wa makochi. Yeye yuko kati ya safu hizo na kompyuta, anachungulia kwenye upenyo kati ya sofa ya daktari wa meno na benchi la saluni. Aliipanga kama alivyopanga viroba vyake, na alijivunia.

Ila alikuwa amesahau kuniuliza mimi nimekaa wapi kwenye mpango huo. Nilikuwa mbele. Mimi ndiye nilikuwa kiroba cha kwanza. Kila Mama alipokuja, jua likimwunguza pale nje, alikuja kwangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mkwe wangu yupo?"

"Amefuata sponji, Mama."

"Bado sponji tu?"

"Bado."

"Inatoka nchi gani hiyo?"

"Mbali, Mama."

"Basi wamsaidie kuibeba, maskini, atavunjika mgongo."

Mwanzoni alisema hivyo kwa uchungu. Baadaye, nikaona ameanza kusema kwa furaha, anauliza huku midomo inacheza. Siku nyingine alinikuta nina mteja, akasubiri kwa adabu mpaka amalize kulipa, ili tu aniulize habari za sponji. Kisha anafungua mwavuli wake, anapinda kona ya duka, anaondoka zake. Nilidhani uzee umeanza kumchezea akili, nikazidi kuumia. Mume wangu naye kila akisikia sauti yake analala chini kabisa, shavu kwenye sakafu.

Siku ya mambo yote, Mama hakutokea. Ilikuwa alasiri, watu wamepungua, na mume wangu alitoka nje akajinyoosha kama mfungwa aliyeachiwa. Alikuja dukani kwangu, akaegemea kaunta, akaanza kunisimulia jinsi watu wake walivyopata mavuno mazuri. Hapo ndipo tulipomwona mwenye saluni anavuka barabara, mikono kiunoni. Wateja wake walikuwa wakisukwa nywele wamesimama tangu benchi lake liingie kwenye ngome.

Mume wangu akasema mguu niponye. Alichomoka kaunta, akaruka mlango wa karakana, na nikamsikia anajitupa nyuma ya safu ya mwisho ya makochi, kishindo mpaka balbu zangu zikalia rafuni.

"Yuko wapi?" mwenye saluni akauliza.

"Amefuata sponji," nikamjibu.

"Nimemwona anaingia."

"Alikuwa anarudi kuifuata tena."

Aliniangalia kwa huruma, huruma ambayo mke hapendi kuangaliwa nayo, akaondoka akisema atarudi na mumewe. Nikasubiri mume wangu atoke kunishukuru. Hakutoka. Nikasikia sauti ndogo ng'ambo ya ukuta, kama ya mtu aliyekanyaga mjusi, kisha kimya. Nikaingia karakana, nikapanda juu ya sofa ya daktari wa meno kwa magoti, nikachungulia upande wa pili.

Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi la Baba, viatu kavua, mwavuli umeegemea ukuta, mfuko wa karanga mapajani. Alikuwa ameelemea kushoto. Mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele yake, ameganda palepale alipoangukia.

"Shikamoo, Mama," alisema, maana hata akifumaniwa ana adabu.

"Marahaba, mwanangu. Unamkimbia nani leo?"

"Mwenye saluni."

"Basi inama zaidi, kichwa kinaonekana."

Akainama. Naapa aliinama.

"Mama," akasema akiwa chini, "umeingilia wapi?"

"Mlango wa nyuma. Hukujua kama una mlango wa nyuma? Asubuhi nakuja mbele namuuliza huyu mwanangu habari za sponji, nacheka, kisha nazunguka naingia huku. Wewe ukiwa kwenye kompyuta yako, na haya makochi katikati yetu, hata paa likiezuliwa husikii. Hapa pazuri. Umejenga vizuri, mtu haonekani kabisa."

Mume wangu alitazama ngome yake, mgongo kwa mgongo, kochi juu ya kochi, ilivyomficha mama mkwe wake siku zote hizo asionekane na mtu, hata na yeye mwenyewe. Nilimwona anakumbuka wale wavamizi. Kisha uso ukamwanguka, akajua kwamba kama Mama amekalia lile kochi, basi Mama ameshajua.

"Niliitupa, Mama," akasema. "Sufi ya Baba. Ulisema nisiguse, nikagusa. Mikono ilizoea tu. Nimekukimbia kwa sababu hiyo, si kwa uvivu." Akashika mguu wa kochi. "Sikuwa na uso wa kukuambia."

Mimi kule juu nilishika mdomo. Nilimsubiri Mama aseme asante mwanangu, kwa ile sauti yake ya upole inayofunga mlango.

"Siku ya kwanza nilipokaa," Mama akasema, "nilijiona niko kwenye benchi la kituo cha polisi. Nikalia kidogo. Nilikuwa peke yangu, sikusumbua mtu." Akamenya karanga. "Nikawa nimekasirika, nikasema nitakuja kila siku nikukere mpaka useme mwenyewe. Halafu nikaendelea kukaa. Nikawaza, mzee wangu naye hakulikuta na shimo. Lilikuja kutoka dukani gumu hivihivi. Alilichimba mwenyewe."

Mume wangu akainua kichwa.

"Basi nachimba," Mama akasema. "Ila mimi sina uzito. Nimekaa siku zote hizi, halijabonyea hata kidogo. Njoo ukae wewe."

"Mimi? Kwenye kochi la Baba?"

"Sasa nimwite nani, mwenye saluni?"

Akanyanyuka, akamshika mume wangu mkono, mkono uleule wenye gundi, akamvuta. Mume wangu akakaa ukingoni, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa. Mama akamsukuma kifuani mpaka mgongo ukagusa. Kisha akavuta kigoda cha kufanyia kazi, akakiweka upande wa kushoto wa kochi, karibu sana, akakaa.

"Mlidhani alikuwa anaelemea nini?" akaniuliza mimi, bila kunitazama, na sikujua kama alikuwa amenijua niko pale juu tangu mwanzo. "Mimi ndiye nilikuwa upande huu. Na mimi nikisema, nasema polepole. Akitaka kusikia, anainama huku."

Akamgeukia mkwe wake na kushusha sauti, akaanza kumwambia jambo. Mume wangu akaelemea kushoto kumsikiliza, akaelemea tena zaidi, na sponji mpya ikalia chini yake. Mimi sikupata neno hata moja. Nilikuwa upande wa pili wa makochi.